Injini Iliyolala Miaka Mingi: Jifunze Kuizima Kabla ya Kuiwasha

Ukipanda kutoka Mombo, ukapita Soni na kuingia Lushoto, kisha ukaendelea na njia ya Lukozi au Mlalo, hukosi kuona kando ya barabara banda la mabati yaliyoshika kutu, mlango umepigwa kufuli na bomba jeusi limechomoza juu ya paa. Muulize mwenyeji, atakwambia, "Hapo palikuwa na mashine." Hasemi mashine ya nini. Miaka ile kijiji kilikuwa na mashine moja tu, ya kusaga, na mlio wake ulisikika bonde zima. Mama aliyekuwa ng'ambo akipalilia maharage alijua kwa kusikiliza tu kama ana muda wa kumaliza tuta, au abebe debe lake la mahindi awahi foleni.

Umeme ndio ulionyamazisha nyingi kati ya mashine hizo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007, umefikisha nguzo kwenye vijiji ambavyo wazee hawakutarajia kuona taa, na mota ya umeme haihitaji mtu wa kuinyonga kwa mkono alfajiri yenye baridi. Nyingine zilinyamaza mwenye mashine alipofariki na watoto wakabaki mjini. Zote ziliachwa pale pale zilipofungwa kwa bolti. Sasa watu wameanza kurudi kuzitazama: mmoja amechoshwa na umeme kukatika kinu kikiwa kimejaa mahindi, mwingine anataka kuvuta maji bustanini, mwingine anataka tu kusikia tena mlio wa mashine ya baba yake. Makala haya ni ya mtu aliyeshika ufunguo wa kufuli ile.

Nimeshika spana muda mrefu, na nimeona injini nyingi za zamani zikifa mikononi mwa watu waliokuja kuziokoa. Karibu zote ziliuawa na jambo moja, haraka. Injini iliyolala miaka 20 imeshasubiri. Wiki 2 au 3 zaidi haziipunguzii kitu.

Anza na kibao

Injini nyingi za mabanda haya ni za dizeli, silinda moja, mwendo wa polepole, na flaiwili mbili nzito, moja kila upande. Inayojulikana zaidi ni Lister. Kampuni ya R. A. Lister ilianzishwa mwaka 1867 katika mji wa Dursley, Uingereza, na injini yake ya dizeli ya aina ya CS ilienea duniani kuanzia miaka ya 1930. Ile iitwayo 6/1 ina nguvu ya farasi 6 na silinda 1, na huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Injini ya mipigo minne huchoma mafuta mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo hupiga mara 325 kwa dakika, zaidi kidogo ya mara 5 kwa sekunde. Hiyo ndiyo tuku-tuku-tuku tuliyokua nayo. Dursley waliacha kuzitengeneza katika miaka ya 1980, lakini viwanda vya India, hasa vya mji wa Rajkot, viliendelea kutoa nakala zake, na nyingi zilifika Afrika Mashariki.

Tafuta kibao cha shaba au bati kwenye mwili wa injini. Kifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, wala usikikwaruze kwa brashi ya waya, maana namba zikifutika hazirudi. Andika jina la kiwanda, namba ya injini, nguvu na mwendo wake. Mwendo ndio muhimu kuliko yote, kwa sababu flaiwili ya chuma cha kusubu imepimwa kwa mwendo ule na si zaidi. Ukijua pia kama ni ya Uingereza au nakala ya India utajua cha kutafuta ndani: nakala nyingi zilitoka kiwandani zikiwa bado na mchanga wa kalibu umeshika kwenye pembe za tumbo la injini, na mchanga huo ukichanganyika na oili mpya hula beringi kama msasa.

Kabla hujagusa chochote, piga picha. Kila bomba, kila nati, kila springi ndogo ya gavana, kile kidhibiti cha mwendo, ilivyokaa. Siku ya kurudisha utashukuru.

Bomba la moshi ndilo adui wa huku kwetu

Vitabu vya Waingereza kuhusu injini hizi huanza na barafu. Kwao maji yaliyosahauliwa ndani ya injini huganda wakati wa baridi na kupasua silinda. Kwetu Usambara, hata pale ukungu unapolala hadi saa nne asubuhi, mharibifu mkubwa ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hulipiga lile bomba la moshi lililosimama wima bila kifuniko, na kila tone linaloingia lina njia moja ya kwenda.

Fikiria injini ilivyosimama siku ya mwisho. Flaiwili ilikoma popote ilipokoma. Kama valvu ya kutolea moshi ilikuwa imefunga, maji yalikaa juu yake na kuozesha bomba. Kama ilikuwa wazi, hata kwa upana wa kucha, maji yaliteremka moja kwa moja hadi juu ya pistoni, yakakaa hapo mwaka baada ya mwaka, na ringi zikashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Ndiyo sababu injini mbili za umri mmoja, katika vijiji viwili vya jirani, moja huzunguka kwa kusukumwa na mtoto na nyingine haitikisiki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua bomba hilo pale linapoungana na silinda hedi. Vaa glavu. Nimewahi kutoa humo kiota kizima cha ndege, majani makavu, nyumba ya udongo ya nyigu iliyokauka kama tofali, na kisha kikombe cha maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Kikombe kile kiliniambia habari yote ya injini kabla sijaigusa. Ukikuta mdomo wa hedi ni mkavu na mweusi wa masizi, furahi. Ukikuta wekundu wa kutu, jiandae kwa kazi ndefu.

Tahadhari moja hapa. Mabomba ya zamani mara nyingi yalizungushiwa kitambaa cheupe au cha kijivu cha kuzuia joto, na gasketi nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi. Usikikwaruze kikiwa kikavu, usikipulizie upepo. Kiloweshe kwa maji kwanza, kiondoe kikiwa kimelowa, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na watoto wasiwepo.

Ikiwa imenasa

Sasa inua lever ya kuondoa mgandamizo, ile inayoibana valvu ya moshi ikae wazi, kisha shika flaiwili kwa mikono miwili na uisukume taratibu. Mikono mitupu. Ikienda robo mzunguko, irudishe. Usiilazimishe mzunguko mzima siku ya kwanza, kwa sababu panya hupenda kujaza magamba ya mahindi mahali usipopaona, na valvu iliyoganda wazi inaweza kugongwa na pistoni ikapinda.

Isipotikisika, acha. Na hapa nieleze nililolifanya nikiwa kijana, kwa kuwa mpaka leo linaniuma. Tulikuwa na injini iliyonasa, mwenyewe ana haraka ya msimu wa mahindi. Tukapitisha bomba refu la chuma katikati ya mikono ya flaiwili, watu watatu tukaning'inia. Tulisikia mlio mkali mmoja, mfupi. Tulidhani imeachia. Kumbe mkono mmoja wa flaiwili ulikuwa umepata ufa kutoka kwenye kitovu hadi karibu na ukingo. Chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika. Injini ile haikuwashwa tena, iliuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na mama mwenye mashine alilipwa fedha isiyotosha hata mbegu za msimu mmoja.

Njia sahihi ni ya polepole. Toa nozeli, na kupitia tundu lake mimina kikombe cha mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, au oili ya giaboksi ya otomatiki ukiipata. Mafundi wengine huongeza asetoni ili upenye zaidi; hufanya kazi, lakini mvuke wake hushika moto haraka, basi pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu. Funika tundu kwa kitambaa. Kila siku ongeza kidogo, kila siku jaribu kuitikisa mbele na nyuma kwa mikono. Siku ya tatu hakuna kitu, siku ya sita hakuna kitu, siku ya kumi unahisi unywele wa mchezo kwenye mikono yako. Ukishaupata, umefaulu. Usikimbilie kuzungusha, endelea kuirudisha huku na huku, ukiongeza mafuta, mpaka ule unywele uwe inchi na inchi iwe nusu mzunguko.

Ikipita wiki mbili bila dalili, fungua silinda hedi. Weka juu ya pistoni kipande cha gogo la mkaratusi kilichochongwa kikaribiane na upana wa silinda, kisha gonga gogo hilo kwa nyundo, mapigo ya wastani, ukibadilisha upande. Nyundo isiguse pistoni wala flaiwili.

Ufa wa flaiwili, kwa njia, unasikika. Safisha kutu kidogo, gonga kila mkono kwa nyundo ndogo au spana. Chuma kizima hulia kama kengele na mlio hubaki hewani. Chenye ufa hujibu mlio mfu, kama umegonga chungu kilichopasuka. Angalia pia ile kabari inayobana flaiwili kwenye krenki shafti. Ikilegea, gurudumu hilo zito linaweza kuchomoka wakati linazunguka, na hakuna ukuta wa banda utakaolizuia.

Maji, oili na mafuta

Jaza maji kwenye nafasi ya kupooza kabla ya kuweka oili mpya. Watu hufanya kinyume. Ukijaza maji, ukaiacha injini usiku kucha, asubuhi utaona kama kuna uvujaji wa kuingia ndani ya silinda au kwenye sampu. Kama upo, umepoteza maji tu, hukupoteza oili ya bei. Kabla ya hapo toa matope yaliyotuama chini ya nafasi hiyo, maana maji ya mito yetu huacha tope jekundu linalojaza ile nafasi mpaka maji yanabaki juu tu na chini panaungua. Injini nyingi hupoozwa kwa pipa: maji ya moto hupanda yenyewe kupitia bomba la juu na ya baridi hurudi kupitia bomba la chini, bila pampu. Mpango huo unafanya kazi pale tu maji ndani ya pipa yanapofunika mdomo wa bomba la juu. Yakishuka chini ya hapo mzunguko hukoma, hata kama pipa linaonekana limejaa kiasi.

Fungulia sampu na uweke ndoo. Kitakachotoka kwanza mara nyingi ni maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili na yamekaa chini, kisha hufuata ujiuji mweusi mzito. Ndoo hiyo usiimwage mfereji wala mtoni. Chemchemi za milima hii zinanywesha watu wa Lushoto, Bumbuli na Korogwe chini. Weka oili hiyo kwenye dumu na umpe fundi wa gereji anayeikusanya. Fungua mlango wa pembeni wa injini, ondoa tope kwa mkono, osha kwa dizeli na kitambaa kisichotoa nyuzi. Tazama chini ya konrodi. Injini nyingi za aina hii zina kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha kila mzunguko. Kikivunjika au tundu lake likiziba, beringi itakufa ndani ya dakika chache. Shika konrodi, jaribu kuiinua na kuishusha: mchezo wa pembeni unaruhusiwa, mchezo wa juu na chini unaogonga haukubaliki. Kisha weka oili mpya, namba 30 au 40, hadi alama na si zaidi. Oili iliyozidi ina hatari nyingine nitakayoieleza.

Upande wa mafuta, kila kitu cha zamani kitolewe. Dizeli iliyokaa miaka mingi hugeuka kuwa gundi ya rangi ya asali, na gundi hiyo hukamata pampu ya nozeli ndani. Osha tanki, badilisha filta na mpira wa mafuta. Pampu haitemi mafuta? Mpelekee fundi wa pampu na nozeli, Tanga au Moshi, usiifungue mezani nyumbani, kwa sababu vipande vyake vimelingana kwa unyeti ambao chembe moja ya mchanga huuharibu. Ukifunga kila kitu, toa upepo kwenye mfumo: legeza nati, acha mafuta yatiririke mpaka mapovu yaishe, kaza.

Ukipima nozeli nje ya injini, elekeza mdomo wake mbali na kila mtu. Mkono usipite mbele yake. Ule ukungu unaotoka ni mwembamba na una nguvu ya kutoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Kidonda chake huonekana kama kimechomwa na sindano na hakiumi sana mwanzoni, ndiyo maana watu hupuuza. Baadaye kidole au mkono hupotea. Ikitokea, nenda hospitali saa ile ile na useme wazi kwamba ni mafuta ya nozeli.

Kuizima

Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Injini ya dizeli haina swichi. Haina plagi ya kukatia moto. Maadamu inapata mafuta na hewa, itazunguka, na ikipata mafuta bila kipimo itazidisha mwendo mpaka kitu kivunjike. Injini iliyolala miaka mingi ina kila sababu ya kufanya hivyo: kidude cha ndani ya pampu kinachopima mafuta kimeganda mahali kilipo, springi ya gavana ina kutu, na vijiti vyake vya kuunganisha vimekaza. Ikishika moto huku pampu imeganda kwenye kipimo kikubwa, zile mara 650 kwa dakika zitapitwa ndani ya sekunde chache.

Kwa hiyo, kabla hujaleta hendeli, simama mbele ya pampu na usogeze kile kijiti cha kuzimia kwa kidole. Kiende na kurudi kwa uhuru, bila kukwama popote, na springi ikirudishe yenyewe. Fanya mara 20. Kisha shika vizito vya gavana, vifungue na uvifunge, utazame kama kila vinapofunguka kijiti cha pampu kinasogea kupunguza mafuta. Kikisita hata mara moja, bado hujafika siku ya kuwasha. Mafuta ya taa, brashi ya meno, subira.

Andaa na njia ya pili. Toa filta ya hewa, ubaki na mdomo mtupu wa bomba la hewa. Chukua kipande cha ubao mgumu kikubwa kuliko mdomo huo, kigongelee kipande cha tairi la ndani upande mmoja. Huo ndio ufunguo wako wa kuzimia. Mtu mmoja asiye na kazi nyingine asimame nao mkononi. Injini ikipandisha mwendo, anaziba mdomo wa hewa kwa ubao na kuukandamiza mpaka kimya. Asitumie kiganja wala fulana, vitavutwa ndani. Kufunga koki ya mafuta hakutoshi, kwa sababu mafuta yaliyobaki kwenye bomba yanatosha kuiendesha kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Na ikiwa sampu ilijazwa kupita alama, injini inaweza kuinyonya oili yake yenyewe na kuichoma kama dizeli; hapo koki haina maana kabisa, ila ubao una maana.

Siku ya hendeli

Vua mkanda wa kinu. Injini ianze bila mzigo. Fungua milango yote ya banda na uhakikishe moshi unatoka nje. Weka ndoo ya mchanga mkavu. Mwenye kanga, mtandio, kanzu au mikono mirefu iliyolegea akae mbali. Habari ikishaenea kwamba mashine ya zamani inawashwa, kijiji kizima kitakuja, na watoto ndio watakuwa mbele. Wapangeni mbali na injini, mtu asisimame kwenye mstari ambao flaiwili zinazungukia.

Kwanza zungusha mizunguko kama 10 bila mafuta, mgandamizo ukiwa umeachiliwa, ukisikiliza. Kisha rudisha mgandamizo na usukume flaiwili taratibu hadi ikatae. Ikikataa na kukurudisha nyuma kama mpira, ringi na valvu zinashika. Ikipita kwa uvivu, sikiliza upepo unatokea wapi: ukivuma kwenye mdomo wa hewa, valvu ya kuingiza haifungi, kwenye bomba la moshi, valvu ya moshi, kwenye tumbo la injini, ringi zimekwama au zimekwisha. Kijiko cha oili ndani ya silinda kinaweza kusaidia ringi kavu kushika kwa mara ya kwanza. Kile kipulizo cha etha kinachouzwa madukani usikitumie. Hulipuka mapema mno, huvunja ringi na hupindua hendeli mkononi mwako.

Fungua mafuta, sukuma lever ya pampu mpaka usikie nozeli inalia "krii". Mlio huo ndio ishara ya kwamba inapulizia sawasawa. Lister nyingi za CS zina gurudumu dogo la mkono pembeni mwa hedi: likifungwa ndani, mgandamizo huongezeka na injini huwaka kwa urahisi kwenye baridi, ikishapata moto na kupewa mzigo mzito, linafunguliwa nje. Asubuhi ya Juni au Julai kule Lushoto utalihitaji.

Paka grisi ncha ya hendeli ili ichomoke bila kugoma. Shika hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie gumba, kwa sababu ikipiga teke ndipo gumba linapovunjika. Achilia mgandamizo, zungusha, ongeza mwendo, ongeza tena, na flaiwili zikishachukua nguvu za kutosha mwenzako arudishe lever. Ikishika, chomoa hendeli na urudi nyuma.

Dakika 2 za kwanza macho yawe kwenye mwendo, na mtu wa ubao asiondoke. Moshi mweupe mwanzoni ni baridi na dizeli isiyochomeka. Ukiendelea baada ya joto, tazama nozeli na muda wa kupulizia. Moshi wa bluu ni oili, na injini iliyomiminiwa mafuta kwenye silinda itautoa kwa muda kabla ya kusafika. Moshi mweusi bila mzigo ni mafuta mengi au hewa kidogo. Baada ya dakika 2, izime. Ndiyo, izime, hata kama watu wanashangilia. Gusa beringi zote mbili kwa nyuma ya mkono. Fungua mlango wa pembeni uone kama oili imerushwa kila mahali. Kisha washa tena, dakika 10, uizime, uguse tena. Baada ya saa chache za kazi mwaga oili yote na uweke nyingine, kwa sababu ile ya kwanza imebeba kutu na uchafu wa miaka yote.

Ukirudisha mkanda, kumbuka ulipo. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga mjini. Injini iliyoandikwa farasi 6 haitatoa farasi 6 huku. Ukikijaza kinu mahindi mpaka injini itoe moshi mweusi, unachoma fedha na kuchosha pistoni. Kipe kinu mahindi kidogo kidogo, sikiliza mlio, na ile tuku-tuku ikianza kuwa nzito punguza mkono.

Injini ikishakubali kazi, isikae tena mwezi mzima bila kuzungushwa. Ukiizima kwa muda mrefu, isimamishe mahali ambapo mgandamizo unaikatalia, kwa maana hapo valvu zote mbili zimefunga. Na kama hujawa tayari kufanya hata moja ya niliyoyaeleza hapa, kwa kukosa muda au fedha, basi nakuomba kitu kimoja tu kabla ya masika: panda juu ya paa la banda ukafunike bomba la moshi kwa kopo.